Hiyo 84 Ni ya Nani?

Kwenye KCSE, pointi 84 ndicho kilele. Masomo 7, pointi 12 kila somo. Ukizipata zote, unabebwa juujuu na mtaa mzima unakuja kwenu kunywa soda. Kwenye ulimwengu wa gemu, 84 iliwahi kuwanyima watu bonasi.

Gemu yenyewe ni Fallout: New Vegas, iliyotoka Oktoba 2010. Studio ya Obsidian huko California iliitengeneza kwa takriban miezi 18 kwa niaba ya Bethesda, wenye jina la Fallout. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa Obsidian, alieleza hadharani walivyolipwa: kitita kimoja cha kazi, bila mrabaha wa mauzo, na bonasi endapo gemu ingefika 85 kwenye Metacritic. Ikapata 84. Pointi moja tu, buda.

Kwa ambaye hajawahi kuitembelea, Metacritic ni tovuti iliyoanza 2001. Inakusanya maoni ya wahakiki kutoka magazeti na tovuti mbalimbali, inageuza kila moja kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha inatoa wastani. Nyota 4 kati ya 5 zinakuwa 80. Gemu ikipata 75 kwenda juu inapewa rangi ya kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu. Na si wastani ule wa darasani: wahakiki wengine wamepewa uzito kuliko wenzao, na tovuti haitangazi nani ana uzito gani.

Sasa, hiyo 84 ilitolewa na nani? Wahakiki wa New Vegas walisifu uandishi wake na uhuru wa mchezaji kuchagua upande. Walilalamikia hitilafu, gemu kuganda na kujizima katikati ya safari. Yote yalikuwa kweli. Akili ni nywele, kila mtu ana zake: kuna anayevumilia gemu kuganda ili asikose hadithi tamu, na kuna asiyevumilia. Ila wastani hauna nafasi ya neno "lakini".

Ebu chukua gemu mbili. Ya kwanza, wahakiki 10 wote wameipa 84. Ya pili, 5 wameipa 100 na 5 wameipa 68. Ukipiga hesabu, zote ni 84. Wewe na mimi tunajua hazifanani hata kidogo. Ya pili imewagawanya watu, na huenda ndiyo utakayokuwa bado unaizungumzia miaka 10 ijayo. Tena hapo kwenye ya pili hakuna hata mtu mmoja aliyesema 84. Ni hukumu ambayo haikutolewa na hakimu yeyote.

Hapa ndipo hesabu inageuka kuwa swali la maadili. Mhakiki aliyeandika 80 alikuwa akimjibu msomaji anayeuliza: ninunue? Hakuulizwa: hawa wafanyakazi walipwe? Angeulizwa hivyo, labda angejibu vingine. Labda angetaka kujua kwanza kama miezi 18 ilitosha. Jibu lake lilitolewa kwenye swali moja likabebwa hadi kwa lingine bila yeye kuambiwa. Na bonasi ilipokosekana, hakukuwa na wa kuulizwa. Mhakiki: niliandika maoni yangu. Tovuti: tulijumlisha tu. Mchapishaji: mkataba ulisema 85. Kila mmoja anasema kweli, na bado pesa haikulipwa.

Sitaki kuitukana nambari. Gemu mpya ya dola 70 ni zaidi ya shilingi 9,000, na kwa wasee wengi Nairobi hiyo ni kodi ya nyumba. Trela zote husema gemu yao ni moto. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza kwa 4K. Mtu akinikusanyia maoni ya wengi walioicheza kabla yangu, amenifaa. Mimi huangalia alama kabla ya kutoa doo, na sitaacha.

Lakini pia naijua hiyo nambari kutoka upande ule mwingine. Mimi huandika kwa kujitegemea. Chuo niliachia njiani, sina cheti cha kuonyesha, kwa hivyo wateja wa mtandaoni wananijua kwa nyota. Kuna anayeweka kichujio cha 4.8 kwenda juu, na mwenye 4.7 hatokei kabisa kwenye orodha yake. Mteja huyo hajasoma hata aya moja yangu. Huwezi kusema amenikataa, maana hajui kama nipo. Nimechujwa tu, kama majani ya chai.

Na si kweli kwamba lazima iwe hivyo. Mwaka 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilikuwa na mpango wa bonasi ambao, kwa mujibu wa Bloomberg, ulidai Cyberpunk 2077 ipate alama 90 au zaidi. Gemu ikatoka Desemba na hitilafu chungu nzima. Mwezi huohuo Sony wakaiondoa kwenye duka la PlayStation. Hata hivyo usimamizi ulikuwa umeshalifuta sharti lile la alama, ukikubali kwamba halikuwa la haki katika hali ile. Unaweza kubishana na mengi waliyofanya. Lakini hapo kuna watu walioangalia nambari, wakaangalia na wafanyakazi wao, kisha wakaamua kwa mdomo wao.

Hicho ndicho ninachotaka. Anayemnyima mtu pesa aweke sahihi yake mwenyewe. Anaruhusiwa kuangalia 84. Anaruhusiwa hata kukataa kulipa. Ila aseme: nimeicheza, nimeona kasoro hizi, na kwa sababu hizi silipi. Hapo aliyeitengeneza anaweza kumjibu, wakabishana, pengine mmoja akabadilisha msimamo. Ukiambiwa tu "84", utamjibu nani?