Deni la Mtu Mpole

Kila mwaka, msimu wa kahawa, pamba au korosho unapokwisha na fedha kufika mikononi mwa wakulima, swali moja la zamani huingia tena katika nyumba zetu. Kwa watu wa mshahara swali hilo huja kila mwisho wa mwezi. Fedha iliyopatikana haitoshi kuwalipa wote wanaotudai: tumlipe nani, tumwache nani? Na ikiwa kulipa kutaleta dhiki nyumbani, je, yatupasa kulipa hata hivyo?

Wasomaji wetu wapenzi, tusilijibu swali hili kwa haraka. Tutwae kwanza mfano, wa kubuni lakini usio mgeni kwa mtu yeyote.

Baba mmoja wa familia, mkulima wa kahawa, anadaiwa na watu wawili. Mtoto wake alipougua, jirani yake, mama mjane, alimpa shilingi 400,000 alizokuwa ameziweka kwa kuezeka nyumba yake. Hapakuwa na hati wala faida. Mama yule alisema tu, "Utanirudishia ukivuna." Baadaye baba huyo alikopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Sasa miezi miwili imepita, na mkopeshaji anadai 420,000. Kahawa imeuzwa, na baada ya kutenga chakula cha nyumbani zimebaki 500,000. Mkopeshaji hupiga simu asubuhi na jioni, akitishia kuchukua magodoro na cherehani ya mke. Mjane hupita njiani, huamkia, huuliza hali ya watoto, kisha huenda zake.

Nani atalipwa? Sote twajua. Atalipwa mwenye kelele; naye mpole ataambiwa, "Mama, tuvumilie kidogo."

Tusimdhanie baba huyu kuwa mwovu, maana anayo sababu yake. Riba ya mkopeshaji ni shilingi 60,000 kila mwezi. Katika miezi mitano yafika 300,000, sawa na fedha yote aliyokopa, na mtaji wenyewe ungali unadaiwa. Watu hawakukosea walipoiita mikopo ya namna hii "kausha damu". Tena wakopeshaji wengine hawana hata ruhusa ya serikali: mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Basi baba husema, "Deni hili linakua, na la mjane halikui. Nizime kwanza moto unaowaka."

Hesabu hiyo ni sawa, lakini haijatimia, kwa kuwa baba amehesabu hasara ya upande mmoja tu. Deni la mjane halizai riba katika daftari, lakini lazaa mahali pengine. Mvua za masika zikianza, maji yataingia ndani mwake. Pengine naye atalazimika kukopa kwa mkopeshaji yule yule ili anunue bati. Hapo riba tuliyoikwepa sisi italipwa na yeye. Nalo ni jambo la kutuaibisha: kwamba aliyetutendea wema ndiye anayebebeshwa adhabu ya shida zetu, kwa sababu tu hajui kupiga kelele.

Kanisa lafundisha nini? Latufundisha kwamba kulipa deni ni tendo la haki, wala si hisani. Nalo ni jambo la Amri ya Saba. Fedha tuliyokopa na ambayo siku yake imefika, ingawa imo mfukoni mwetu, ni haki ya mwingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza kama mtu anaweza kukawia kurudisha kilicho cha mwenzake, akajibu kwamba kukizuia ni kuendelea kumnyima mwenye mali matumizi ya mali yake. Hata hivyo hakudai lisilowezekana. Asiyeweza kulipa mara moja hana hatia kwa kushindwa. Lakini yampasa aombe muda kwa yule anayemdai. Aombe, wala asijitwalie.

Hapa ndipo penye njia yetu. Matokeo ya kulipa hayaondoi wajibu wa kulipa. Kama yangeuondoa, hakuna ambaye angelipa, kwa maana kila alipaye hubaki na pungufu. Lakini matokeo yanayo nafasi yake: hutuonyesha namna ya kulipa, wakati wa kulipa, na nani atangulie. Anayelala njaa na watoto wake halazimiki leo kutoa unga wa mwisho. Wajibu wake umesimama kwa muda, haukufa. Siku atakayopata nafuu, deni litakuwa likimngoja mlangoni.

Maandiko Matakatifu yana kisa cha mjane mwingine, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mumewe alikufa na deni, na mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha alimwambia aazime vyombo kwa majirani, na mafuta yakavijaza vyote. Kisha alimwagiza nini? Auze mafuta, alipe deni, halafu yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Ona utaratibu huo. Hata fedha iliyotoka katika muujiza ilianza kwa deni. Wala nabii hakuwasahau watoto.

Nao wanaodai wana sheria yao. Kumbukumbu la Torati lilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Lilimkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchagua rehani. Na nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijatua, apate kulalia. Leo jiwe la kusagia ni cherehani ya mama, ni baiskeli ya muuza maziwa, ni sufuria ya mama lishe. Anayezibeba hizo huua mkono ambao ungemlipa. Asisahau pia mfano wa Bwana wetu juu ya mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia.

Basi baba yetu afanye nini? Kwanza amwambie mkewe kila kitu. Madeni mengi huharibu nyumba kwa kufichwa kuliko kwa ukubwa wake. Pili, aende kwa mjane kabla ya kwenda kwa mkopeshaji, tena kabla fedha haijapungua hata senti. Akae, aeleze deni lile la pili, amwulize hali ya paa lake, aombe shauri. Mama akisema kwa hiari, "Maliza kwanza hilo, mimi nitangoja," kungoja kwake ni zawadi, wala hakuna dhuluma. Lakini akisema mvua ziko karibu, basi fedha igawanywe: pengine 300,000 kwa mkopeshaji, mtaji wake kamili, na 200,000 kwa mjane, zianze kununua bati. Kwa riba iliyobaki atafute mapatano mbele ya mashahidi, yaandikwe, ili isiendelee kuzaa. Mkopeshaji akikataa, au ikionekana anakopesha bila leseni, shauri lipelekwe kwa wenye mamlaka. Hatuweki sheria kwa kila nyumba. Twaonyesha tu kwamba mlango wa tatu upo, kati ya kumdhulumu mpole na kukausha nyumba.

Yatupasa kusema na jambo jingine, ingawa lauma. Wengi wetu twachanga kwa ukarimu mkubwa katika arusi, ubarikio na sherehe za kipaimara, huku deni la jirani limelala. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini kumchangia mtu arusi kwa fedha ya mwingine si ukarimu. Hatusiti kuongeza: hata mchango wa kujenga kanisa usitolewe kwa fedha ambayo ni ya mjane. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na siku ile ile wokovu ukaingia nyumbani mwake. Mapadre wenzetu wasione haya kulisema hili mimbarini, hata kama kikapu kitakuwa chepesi Jumapili moja.

Lakini tukihubiri tu bila kutenda, maskini watarudi kule kule. Mwaka 1462 huko Perugia, nchini Italia, Wafransisko walianzisha hazina ya kuwakopesha maskini kwa rehani ndogo, wapate kuepuka wanyonyaji. Na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ukazikubali hazina hizo, pamoja na malipo kidogo ya kuziendesha. Siku hizi tunavyo vyama vya akiba na mikopo, na vikoba vya akina mama katika jumuiya ndogondogo. Tuviimarishe, vitunzwe kwa uaminifu, hesabu zisomwe mbele ya wote. Anayeshindwa kurejesha mkopo wa kikoba naye akumbuke kwamba hakukopa kwa "chama". Alikopa kwa kina mama thelathini.

Katika mazishi yetu kuna desturi njema. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu na afike, na anayedaiwa na marehemu vilevile. Twaisifu desturi hiyo. Lakini mbona tungoje mpaka mdaiwa awe amelala kaburini ndipo jina lake lisafishwe? Na je, kama mjane atatangulia yeye? Deni halitazikwa pamoja naye. Litadaiwa na warithi wake, na asipokuwa na warithi, maadili ya Kanisa yatutaka tuwape maskini fedha hiyo. Lakini yeye hatalala tena chini ya paa lisilovuja.

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo twalijua tangu utotoni. Msimu huu, kila familia iketi jioni moja baada ya sala na kuandika majina ya wote inaowadai na wote wanaoidai. Kisha itafute katika orodha hiyo jina la mtu ambaye hajawahi kuuliza, na kesho yake mmoja wenu aende kwake.