Kumsaidia Mwenzetu: Je, Ni Tunda au Ni Bei?



Katika mafundisho ya Kipaimara liko swali moja ambalo walimu wetu hukutana nalo kila mwaka, nalo huulizwa na wale vijana walio wepesi wa kufikiri kuliko wenzao. Husema hivi: Kama mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, pasipo matendo yake, basi iko haja gani ya kujisumbua kwa ajili ya wengine? Mwalimu mwingine, akiliogopa swali hili, humjibu kijana kwa ukali ya kwamba asiyewasaidia watu hataiona mbingu. Jibu hilo lanyamazisha, lakini halijibu. Maana kwa kulisema, mwalimu ameivunja kwa mkono wa kushoto nyumba ile ile aliyoijenga kwa mkono wa kuume. Kwa hiyo tumeona yafaa tulitazame neno hili polepole, hasa sisi tukaao pande hizi za Kamanga na Mwanza, ambao ziwa letu limetufundisha mengi juu ya kusaidia na kusaidiwa.

Wako Wakristo wa namna mbili ambao kila usharika wawajua. Wa kwanza ni yule asemaye, Mimi nimeokoka, yatosha. Huja ibadani, huimba vizuri, hutoa ahadi yake kwa wakati. Na jirani yake akimbishia hodi usiku kwa kuwa mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa, humwambia kwa sauti ya upole kwamba atamwombea. Yakobo alimjua mtu huyu zamani, naye amemweleza katika sura ya pili ya waraka wake: ndiye ammwagiaye mwenye njaa maneno ya baraka, kisha humwacha aende zake na njaa yake. Wa pili ni yule asaidiaye sana, lakini kila asaidiapo huhesabu. Hupeleka unga kwa wajane, hutoa mashuka hospitalini, na moyoni mwake limo daftari ambalo huliandika kila jioni, ili siku ya mwisho alifungue mbele ya Mungu na kudai haki yake.

Watu humsifu huyu wa pili kuliko wa kwanza, nasi hatukatai ya kuwa unga wake hulishibisha tumbo la mjane sawasawa na unga mwingine. Hata hivyo hao wawili ni ndugu wa baba mmoja. Wa kwanza hujitazama mwenyewe na kufurahi. Wa pili hujitazama mwenyewe na kuogopa. Hakuna hata mmoja wao amtazamaye jirani.

Ndugu zetu waendao mwaloni waijua mizani ya kupimia sangara. Mnunuzi hana haja ya kumtazama samaki sana. Macho yake yako kwenye mshale. Ndivyo alivyo mtu aufanyaye msaada kuwa bei ya mbingu. Mjane, yatima, mgonjwa, wote huwekwa juu ya mizani, naye hutazama mshale umefika wapi. Na mwenye shida hulitambua jambo hili upesi sana, hata akiwa mtoto mdogo. Hupokea kwa mikono miwili, hushukuru kama ilivyo adabu, kisha akifika kwake hunyamaza.

Martin Luther alilishughulikia neno hili mwaka 1520 katika kitabu chake kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Kwa maneno yetu sisi, mafundisho yake ni haya. Mkristo amekwisha kupewa yote kwa imani. Hana deni la kulipa mbinguni, maana limelipwa. Basi, kwa kuwa mikono yake haina haja tena ya kupanda mbinguni, imebaki huru kwa kazi ya hapa chini. Mungu hana upungufu hata ayahitaji matendo yetu mema. Mwenye upungufu ni jirani. Mwembe hauzai maembe ili upate kuwa mwembe. Huzaa kwa sababu ndio mwembe, na maembe yake huliwa na watu, wala haurudi kuyala wenyewe. Hilo ndilo tungalimjibu yule kijana wa Kipaimara: Huwasaidii watu ili uokolewe, bali mtu aliyeokolewa, kama hamsaidii mtu, atuonyeshe ameokolewa kutoka katika nini.

Sasa tuje ziwani kwetu. Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43; wakafa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza hawakuwa watu wenye sare wala wenye vyombo vikubwa. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, ambaye habari zake zilienea nchi nzima, alieleza baadaye jinsi alivyoupiga mlango kwa kasia, watu wakaanza kutoka; kisha akaenda mbele kujaribu kuwafikia marubani waliokuwa wamefungiwa humo, kamba ikakatika ikampiga usoni, akazimia, naye alipopata fahamu alijikuta hospitalini. Marubani wote wawili walikufa. Kijana akapewa na Serikali shilingi milioni 1, na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu, na wengi wao wamelala Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gatini Bwisya, katika kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Na huko nako wenye mitumbwi ndio waliotangulia.

Lakini turudi Bukoba, maana pana jambo moja lililotokea baada ya msiba ambalo latufundisha kuliko msiba wenyewe. Yalizuka maneno. Watu walibishana kama mlango ulifunguliwa na mtu wa nje au na mtu wa ndani, na kama heshima yote ilimpasa kijana yule peke yake. Sisi hatuoni sababu ya kumnyang'anya yeye heshima yake, wala ya kumnyang'anya yeyote aliyefanya kazi kwa ndani katika giza na maji. Tunaloliona ni hili, ya kuwa kuhesabu kulianza nchi kavu. Waliokuwa majini hawakuwa na nafasi ya kuhesabu. Wala hatukuandika hapa dini ya mvuvi yeyote, kwa kuwa hatudhani ya kwamba waliokuwa wakinywa maji waliiuliza.

Hapa msomaji mwenye akili atatushika. Atasema: Kama asiyeamini naye aweza kuvuta kamba, tena labda akavuta kwa nguvu kuliko mzee wa kanisa, imani yaongeza nini? Mwasema kusaidia ni tunda la imani. Mbona tunda hili laonekana juu ya miti ambayo hamkuipanda ninyi?

Swali hili ni la haki, wala tusilikimbie. Bwana wetu mwenyewe alilileta kwa makusudi. Katika habari ya mtu aliyeanguka kati ya wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko, waliopita upande mwingine ni watu wa hekalu, na aliyesimama ni Msamaria, ambaye mafundisho yake ya dini hayakuwa sawa. Basi asiwepo Mkristo wa kusema kwamba wema umefungwa katika sanduku la usharika wetu. Kamba ni kamba. Mungu aliyeliumba ziwa hutumia kila mkono ulio karibu, naye hatungojei sisi tumalize tangazo la mwisho. Mababu wa Kisukuma, kabla Injili haijafika, walijua kulima shamba la mtu mmoja wakiwa wengi, na ngoma ya bugobogobo ichezwayo kwa majembe yatukumbusha kazi ile. Ilikuwa desturi njema, nasi twaisikitikia inapopungua.

Lakini desturi ile ilikuwa na ukingo wake, na kila desturi ya namna hiyo inao: leo tunalima kwako, kesho utalima kwetu. Je, asiye na kesho? Ajuza asiyeweza kushika jembe atalipa nini? Katika sura ya 14 ya Luka Bwana asema habari ya karamu, akitutaka tuwaalike wale hasa wasioweza kutualika nao. Tena kuna msaada ambao, mbali ya kutolipwa, humtia mtoaji katika hasara. Hapo ndipo twaanza kuona kazi ya imani.

Tuseme wazi, maana jambo hili liko kwetu wala haliko Ulaya. Katika nchi yetu hii ya ziwa, wanawake wengi wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na ushahidi wenyewe mara nyingi ulikuwa macho yao kuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka hamsini ya kuwapikia wana wao. Kadhalika ndugu zetu wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 hivi habari za kuuawa kwao zilienea sana Kanda ya Ziwa, hata watoto wengi wakapelekwa kulindwa katika shule ya Mitindo, Misungwi, na kituo cha Buhangija, Shinyanga. Mtoto akakua mbali na mama yake kwa kuwa kijijini hapakuwa na majirani wa kutosha kumlinda.

Sasa fikirini. Bibi mmoja amenong'onwa. Watu wameacha kuchota maji pamoja naye. Mtoto wa jirani ameugua, na maneno yameanza. Wewe uliye mwalimu wa dini katika mtaa ule, ukichukua kigoda chako ukaenda kukaa mlangoni pake jioni, watu wakakuona, hakuna atakayekupa shilingi milioni, wala jina lako halitatangazwa redioni. Litatangazwa kisimani, kwamba wewe nawe u mwenzi wake. Mtu wa mizani, akilipima jambo hili, ataona hasara tupu, naye atabaki nyumbani, maana jina jema ndiyo mali yake yote. Lakini yeye ambaye jina lake amekwisha kupewa na Mungu katika Ubatizo, bila kulinunua, huyo aweza kulipoteza jina lake kijijini kwa muda, wala asife. Hilo ndilo imani yaongezalo. Haimfanyi Mkristo kuwa na mikono yenye nguvu kuliko ya wengine. Humwondolea hofu ya kupungukiwa, akaweza kwenda mahali ambapo hesabu yasema usiende.

Wala hatusemi ya kwamba kila hatari ni takatifu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikahamishiwa Jena, lakini Luther akabaki pamoja na mchungaji Bugenhagen, naye akawapokea wagonjwa nyumbani mwake, mkewe Katharina akiwa mja mzito. Wachungaji wa Breslau walikuwa wameuliza kama ni halali kwa Mkristo kuukimbia ugonjwa, naye akawajibu kwa barua. Hakuwahukumu wote waliokimbia. Alifundisha ya kuwa aliye na wajibu, kama mchungaji, mtawala, mtumishi au mzazi, asiondoke akawaacha wamtegemeao pasipo mtu. Bali ambaye hapana amhitajiye yuko huru kwenda. Tena aliwakaripia wale wanaoidharau dawa na kujitia katika ugonjwa wakisema kwamba Mungu atawalinda. Watu wa Kagera, ambao ugonjwa wa Marburg ulitangazwa kwao mwezi Machi 2023, wajua maana ya neno hilo. Amwuguzaye ndugu yake pasipo kujikinga huenda akaupeleka ugonjwa katika nyumba ya tatu. Na asiyejua kuogelea, akijitupa majini kwa huruma, huwaongezea kazi wenye mtumbwi.

Twaomba pia neno moja kwa wazee wa kanisa, nao wasitukasirikie. Iko desturi iliyoingia katika sharika nyingine ya kuwasimamisha wenye shida mbele ya ibada wapokee mchele na sabuni, picha zikipigwa. Tumemwona mama akijifunika uso kwa kanga. Unga waweza kupelekwa jioni, na mtu mmoja, bila tangazo.

Na kwa kuwa tumeandika habari za ziwa, yako mambo ya kuuliza katika sharika zote za mwambao, toka Kamanga hata visiwani. Ni vijana wangapi katika usharika wajuao kuogelea, na ni nani awezaye kuwafundisha wengine? Wanakwaya waendapo kwa mtumbwi kuimba kisiwani, kila mmoja amevaa jaketi la kujiokolea, au yako mawili tu nayo yamekaliwa na mpiga ngoma? Na katika kila mtaa, ni nani aishiye peke yake ambaye watu wameanza kumkwepa kisimani? Wazee wa kanisa wayaandike majibu, wayalete katika kikao cha mwezi ujao, kabla ya habari ya mabati.