Juu ya Kushikwa Mkono

Katika chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, baraza la wakubwa lilikata shauri kwamba mpango wa ulezi, ambao kwa huo kila mwanafunzi hukabidhiwa kwa mtu mwenye kazi na tajiriba ili amfunze uongozi na adabu za taaluma, uwe wa wale tu waliokwisha kuonyesha dalili za uongozi. Na dalili zenyewe zikawa ni alama za juu, ufasaha wa Kiingereza na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Binti wa mvuvi, mwenye akili pevu na sauti ndogo, akaachwa, na nafasi ikapewa kijana ambaye baba yake angaliweza kumpatia walezi kumi kwa simu moja. Dhuluma ndogo kama hii haiandikwi magazetini. Ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Maana ya ulezi haitupi taabu: ajuaye njia humtangulia asiyejua, kisha humwacha aende. Wako wahofuo kwamba mlezi atamfanya mwanafunzi kivuli chake, nao wana haki. Wako pia wasemao kwamba ulezi huzaa upendeleo, na hayo yametokea mbele ya macho yetu.

Hoja inichomayo ni nyingine, na aliitamka mmoja wa wakubwa wale kwa utulivu wa mtu aliyeshiba: "Sisi tulifika bila ya kushikwa mkono, kiongozi huzaliwa." Ikiwa kiongozi huzaliwa, chuo ni cha nini, na mshahara wa msemaji hulipwa kwa kazi gani? Na ikiwa alifika peke yake, ni nani aliyemlipia karo, ni nani aliyemwandikia barua ya kumsifu, ni nani aliyeketi naye usiku kuisahihisha ripoti yake ya kwanza? Ghururi ya aliyefika ni kwamba huzikumbuka taabu zake zote, kwa kuwa zilimwuma, na huzisahau ihisani alizotendewa, kwa kuwa hazikumwuma. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hapana awezaye kumwita mnyonge wa nia, alikuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, na Padri Richard Walsh ndiye aliyemhimiza na kumsaidia hata akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarejea 1952 na shahada ya M.A.. Wala sijapata kusikia kwamba mkono ule ulimpunguzia heshima. Aidha, kauli ya mkubwa yule haisimulii yaliyopita bali yahukumu yajayo, maana husemwa daima na aliye ndani ya mlango kuwaambia walio nje. Hata ingekuwa kweli, mtu aliyevuka mto kwa kuogelea hathibitishi kwamba daraja halina faida: waliozama hawakai barazani.

Kila nilifikiripo jambo hili fikra zangu hukimbilia Lamu, na msomaji aniwie radhi, kwani ni mji niupendao. Huko, katika mtaa wa Langoni, Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija katika karne ya 19, alifungua darsa kwa watu ambao waungwana wa mji waliwaona hawastahili elimu, wakiwamo wana wa watumwa. Waungwana walinung'unika, wakanung'unika pia juu ya matari yaliyopigwa katika Maulidi yake. Leo msikiti wake wa Riyadha hupokea wageni wa pwani nzima msimu wa Maulidi, na wajukuu wa walionung'unika huketi safu moja na wajukuu wa waliokatazwa.

Lakini Habib Swaleh hakupangiwa wanafunzi na kamati, na hapo ndipo ninapokwama. Insafu yataka ulezi ugawanywe kwa kanuni, ili mtoto wa mvuvi asitegemee huruma ya mtu; ilhali ulezi ugawanywao kwa kanuni aghalabu hupoa, mlezi akatia sahihi daftari na mwanafunzi akaondoka kama alivyokuja. Nami nimteteapo binti yule, je, si moyo wangu uliomchagua, kama moyo wa baraza ulivyomchagua kijana? Sina jawabu linaloniridhisha.

Nawe msomaji uliye na kazi na cheo, usingoje baraza likupe jina. Yuko mwanafunzi mtaani kwako asiyejua kuandika barua ya kuomba kazi, na hajauliza kwa kuwa hamjui wa kumwuliza.