Je, Kumchunguza Mgombea ni Kumsengenya?

Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja alinisubiri mlangoni pa kanisa, akaniuliza neno ambalo naamini linasumbua dhamiri za wengi. Mtu wa upande wao alikuwa ametangaza kwamba atagombea ugavana wa kaunti akiwa mgombea huru, yaani pasipo chama. Mama huyo alikuwa amesoma, katika taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, habari za fedha za ofisi ambayo mtu huyo aliisimamia zamani, nazo hazikumpendeza. Alipoanza kuyataja hayo katika Jumuiya yao Ndogo ya Kikristo, mzee mmoja alimkatiza: “Mama, hayo ni masengenyo. Amri ya nane yakataza.” Akanyamaza, lakini moyo wake haukutulia. “Padre,” akaniuliza, “nikisema natenda dhambi, na nisiposema, je?”

Maneno ya mzee yule yasidharauliwe. Kanisa lafundisha kwamba jina jema la mtu ni mali yake, na kumnyang’anya ni wizi. Latuonya juu ya makosa matatu: hukumu ya haraka, yaani kusadiki ubaya wa mtu pasipo msingi wa kutosha, masengenyo, yaani kutangaza kosa la kweli pasipo sababu ya haki, na masingizio, yaani kumzulia mtu asilolitenda. Lakini tuliangalie vema lile kosa la pili. Si kila atajaye kosa la mwenziwe ni msengenyaji. Msengenyaji ni yule alitajaye pasipo sababu ya haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kueleza kwamba mtu asemaye hivyo kwa ajili ya mema ya lazima, akichunga kadiri ya maneno yake, hasengenyi. Basi swali letu ni moja: je, hapa iko sababu ya haki?

Tutazame gavana amewekewa nini mikononi. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013, Kenya ina serikali 47 za kaunti. Hizo ndizo zinazosimamia zahanati na hospitali za kaunti, shule za watoto wadogo, barabara za kaunti na kilimo. Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kwamba kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha hizo zikipotea, mwenye kupotewa wa kwanza ni mama aendaye zahanati usiku na mtoto mwenye homa, akaambiwa dawa hakuna. Huyo naye ni jirani yetu. Mzee yule alilinda jina la mgombea, akatenda vema. Lakini nani atamlinda mtoto yule?

Tena mgombea huru ana jambo lake la pekee. Chama, hata kikiwa na kasoro nyingi, ni mdhamini wa namna fulani: kimemteua mtu, kimempa alama yake, na akiharibu, aibu yakifuata. Mgombea huru hana wa kumdhamini. Watu wengine kwa kusikia neno “huru” hudhani ya kuwa maana yake ni mtu asiye na doa. Sivyo. Kifungu cha 85 cha Katiba chamtaka tu asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Miezi mitatu haimfanyi mtu kuwa mpya. Mwaka 2017 magavana wa Laikipia na Isiolo walichaguliwa wakiwa wagombea huru, wala hawakuwa wageni: wa kwanza alikwisha kuwa mbunge na waziri msaidizi, na wa pili mbunge, waziri na seneta. Hatusemi hayo kuwalaumu. Twasema tu ya kwamba nyayo zao zilikuwapo wazi kwa kila aliyetaka kuzifuata.

Basi ikiwa mgombea huru hana chama cha kumdhamini, mdhamini wake ni nani? Ni wewe umpigiaye kura. Nani kati yetu hutia sahihi ya kumdhamini mwenzake katika Sacco pasipo kuuliza kama alilipa mkopo wake wa kwanza? Wala hatumwiti msengenyaji yule aulizaye. Twamwita mwenye busara. Nasi huuliza hivyo kwa ajili ya mkopo wa mtu mmoja. Je, tusiulize kwa ajili ya mali ya kaunti nzima kwa muda wa miaka mitano?

Pa kuulizia papo. Taarifa za Mkaguzi Mkuu zatolewa wazi, na kadhalika zile za Msimamizi wa Bajeti. Kama mgombea alikuwa mbunge au seneta, maneno yake yameandikwa katika taarifa rasmi za vikao. Hukumu za mahakama za juu zasomwa na watu wote. Tena Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya mwaka 2016 imeiagiza ofisi iliyoombwa imjibu katika siku 21. Asiyejua kusoma taarifa hizo amwombe kijana wake aliyesoma. Elimu ya mtoto si ya kujipatia kazi tu.

Achunguzwe na naibu pia. Huko Meru mwaka 2022 alichaguliwa gavana asiye na chama. Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu. Mara mbili aliokoka katika Seneti, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ilikubali aondolewe. Mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu ilithibitisha uamuzi huo, na naibu wake akashika kiti. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule, si kazi ya ukurasa huu kuamua. Lakini twajifunza ya kwamba kura moja huchagua watu wawili, na wa pili aweza kuwa wa kwanza.

Sasa na tumrudie mzee yule, maana onyo lake lina kazi bado. Uchunguzi wa haki una mipaka. Hoja ya mkaguzi si hukumu. Mara nyingi ni hati iliyokosekana, ikaletwa baadaye. Kwa hiyo asomaye hoja na asome pia jibu lake, na kama jibu halipo, mgombea aulizwe mbele ya watu apate kujieleza. Kabila lake, umaskini wa wazazi wake, siri za nyumba yake zisizogusa amana ya watu, hayo tusiyaguse. Na kipimo kiwe kimoja. Amchunguzaye mgombea wa wengine na kumfunika wa kwake hatafuti haki, atafuta ushindi.

Wengine watasema: “Sheria imemruhusu kugombea; sisi ni nani?” Kweli, Katiba humhesabu mtu kuwa hajazuiwa mpaka njia zote za rufani zimekwisha, na hivyo ni haki, kwani sheria yaogopa kumwadhibu asiye na kosa. Lakini kumnyima mtu kura si kumwadhibu. Hakimu huuliza: amethibitishwa kuwa na kosa? Mpiga kura huuliza: je, naweza kumkabidhi amana ya maskini? Maswali hayo ni mawili, wala jibu la moja si jibu la jingine.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, nabii akiwa mzee alisimama mbele ya Waisraeli wote, akawataka wamshuhudie mbele ya Bwana kama alitwaa ng’ombe au punda wa mtu, au kupokea rushwa. Hakuwaambia kwamba kuuliza ni masengenyo. Yeye mwenyewe aliwaita waulize. Kiongozi mwenye mikono safi haogopi kuulizwa. Na asiyeweza kuvumilia swali kabla ya uchaguzi, atalivumilia lini?

Basi mama yule nilimjibu hivi: “Rudi katika Jumuiya, mama, ukaseme. Chukua karatasi yenyewe, usome yaliyoandikwa wala usiongeze. Useme pia usiyoyajua. Kisha mpelekeeni mgombea swali lenu kwa heshima, msikilize jibu lake. Na kabla ya kusema, umwombee.” Aliniuliza kama mzee yule atakasirika. Nikamwambia mzee yule ampe nafasi ya kusoma karatasi ile kwanza, kabla ya watu wote.