Oili Bora, Lakini Bora kwa Nani?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani ya methali hiyo mna imani ambayo ni wachache wanaoihoji: kwamba ubora ni sifa iliyomo katika kitu chenyewe, na kwamba kilicho bora hapa kitakuwa bora popote kitakapopelekwa. Kwa imani hiyo, mwenye pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupita mchangani na matopeni, huingia dukani na kuuliza swali moja tu: oili ipi ni bora kuliko zote? Wengi watasema hilo ni swali la ufundi. Kwangu mimi ni swali la falsafa lililoulizwa vibaya, na kosa lililomo linatuharibia mambo mazito kuliko injini. Oili iliyo bora kuliko zote haipo. Ipo oili inayoistahili mashine fulani. Vivyo hivyo, wema wa aina yoyote huanza kwa kumjua anayetendewa. Bila kumjua, tulicho nacho ni nia tu.

Ushahidi umo ndani ya chuma. Katika gari la kawaida lenye gia za mkono, oili ya injini haikutani na klachi. Klachi hukaa pakavu, mahali pake. Katika pikipiki nyingi, na katika nyingi za hizi za magurudumu manne, oili ni ileile moja: inalainisha pistoni, inapita kwenye meno ya gia, kisha inaziogesha pleti za klachi. Pleti hizo hupangwa kwa zamu, moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa utando wa kushika, na springi huzibana zote pamoja. Nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kwa sababu tu pleti hizo zinakamatana. Sasa, oili nyingi za kisasa za magari hutiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwa gari, hiyo ni fadhila. Kwa klachi inayooga oili, fadhila hiyohiyo huweza kuwa maangamizi: dereva anavuta mafuta, injini inanguruma, mashine inajikokota, na pleti zinateleza mpaka zinanuka kuungua. Oili haikuwa chafu wala ya bandia. Ilikuwa nzuri kabisa, ila kwa mwingine.

Wajapani waliliona tatizo hili, na mwaka 1998 shirika lao la viwango vya magari, JASO, likaweka kipimo mahsusi cha oili za pikipiki zenye injini za mipigo minne. Oili yenye herufi MA inafaa klachi inayooga oili. Yenye MB ina msuguano mdogo zaidi na inafaa mashine ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini, kama skuta nyingi. Herufi hizo hazipandi ngazi. MB si daraja la chini ya MA, wala MA haijaishinda MB. Kila moja inataja mwenzi wake. Namba nazo ni hivyohivyo. Katika 10W-40, namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na kwa 10W oili hupimwa kama inairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Namba ya pili inaeleza unene wake kwenye nyuzi joto 100. Anayeendesha Kanada wakati wa theluji, namba ya kwanza ndiyo itakayoamua kama injini itawaka au haitawaka. Anayeendesha Zanzibar, ambako hakuna asubuhi inayokaribia sifuri, atazame zaidi ile ya pili. Hata jina la mashine halitoshi. Polaris Sportsman hupeleka nguvu kwa mkanda mkavu, wakati Yamaha Banshee ya mipigo miwili iliunguza oili yake pamoja na petroli, na gia na klachi zikawa na oili yao pembeni. Zote mbili huitwa pikipiki za magurudumu manne, na haja zao ni mbalimbali.

Aristotle alimpinga mwalimu wake Plato katika jambo hilihili. Plato alifundisha kwamba juu ya mema yote kuna Wema mmoja wenyewe, ambao kila chema hupata wema wake kwake. Aristotle akajibu kwamba wema husemwa kwa namna nyingi, na kwamba mganga hatafuti afya kwa jumla bali afya ya mtu huyu aliye mbele yake. Akatoa na mfano wa chakula ambacho ni kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, lakini ni kingi kwa anayeanza mazoezi. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamefafanua uadilifu kuwa ni kukiweka kila kitu mahali pake, na dhuluma kuwa ni kukiweka pasipo pake. Kwa tafsiri hiyo mtu anaweza kudhulumu kwa kitu kizuri. Kumimina oili ya thamani mahali isipostahili ni dhuluma ndogo, lakini umbo lake ni la dhuluma zote.

Kuna atakayesema kwamba hoja hii inafungua mlango wa kila mtu na ukweli wake: kama wema hutegemea anayetendewa, basi hakuna lililo sahihi wala kosa. Hapana. Kutegemea hali si kutegemea maoni. Pleti ikiteleza inateleza, awe mwenye mashine anapenda au hapendi, na hakuna kura itakayoibadili. Tukikubali kwamba ubora ni uhusiano kati ya viwili, tunajibebesha kazi ya kuvijua vyote viwili, na hiyo ni nidhamu kali kuliko ile ya kuangalia bei. Mwingine atasema kwamba injini zote zinataka jambo moja, yaani chuma kisisagane na chuma, hivyo wema ni mmoja. Lengo kweli ni moja. Lakini lengo hilo peke yake haliwezi kukuambia uchukue kopo gani rafuni; lazima uirudie mashine yenyewe na kitabu cha aliyeitengeneza.

Pingamizi zito zaidi ni la mazoea: wapo wanaotia oili ya gari kwenye pikipiki miaka nenda rudi, na hakuna kilichoharibika. Ni kweli, na sababu inajulikana. Viambato vya kupunguza msuguano hupatikana zaidi katika oili nyepesi, zile zinazoishia na 20 au 30. Oili nzito ya gari kama 20W-50 mara nyingi haina, na klachi huivumilia. Kwa hiyo waliosalimika walisalimika kwa sababu oili yao, bila wao kujua, ililingana na mashine. Matokeo yao yanaithibitisha hoja yangu. Ila aliyepatia bila kujua hana cha kumfundisha mwenzake, na siku muuzaji akibadilisha kopo, bahati yake nayo itabadilika.

Linabaki swali la haki: je, tumlaumu asiyejua kusoma herufi hizo? Lawama hufuata uwezo. Anayeuza, anayetengeneza na anayeshauri wanajua zaidi, kwa hiyo wanadaiwa zaidi. Fundi anayepokea kazi kabla ya kuuliza ni mashine gani na klachi yake ni ya aina gani ameshakosea hata kabla ya kufungua nati. Deni hilo linamfikia kila anayetoa kitu kwa ajili ya mwingine. Mzazi anayemlazimisha mwanawe kwenda shule iliyosifiwa, mfadhili anayeleta msaada ambao kijiji hakikuuomba, mshauri mwenye jibu moja kwa kila ndoa, wote wana kitu kizuri mkononi na wote wanaweza kuunguza. Ubora wa walicho nacho hauwatoi hatiani. Kabla ya kuuliza ni kipi kilicho bora, tuulize ni nani atakayepewa, ameumbwaje na anaishi katika hali gani, na tuwe tayari kuacha kilicho ghali kwa ajili ya kinachomfaa.