Nchi na Watu Wake

Ewe msomaji, ukisimama Ras Kitau, katika ncha ya kisiwa cha Manda, utaona mbele yako mji wa Shela, ng'ambo ya mkondo. Nyuma yako, ndani ya Manda, yamo magofu ya Takwa: nyumba zisizo dari, msikiti, na kaburi lenye nguzo ndefu. Mji huo ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Wako wasemao kuwa visima viliingia chumvi. Wengine hutaja vita na Pate. Wazee husimulia kwamba watu wake walivuka mkondo, wakafanya maskani Shela.

Je, Takwa ilikufa au ilihama? Nchi ni udongo au ni watu?

Swali hili leo linawakabili watu wa Tuvalu, katika bahari ya Pasifiki. Nchi yao ni visiwa 9, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 26 hivi. Watu wake ni kiasi cha 11,000. Walipata uhuru kwa Uingereza mwaka 1978, na mwaka 2000 waliingia katika Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya ardhi yao haifikii mita 3 juu ya bahari, na bahari inapanda kwa sababu ya joto la dunia. Mwaka 2023 waliandika katika katiba yao kwamba dola yao itadumu daima, hata ardhi ikipotea. Mwaka huo huo walitia sahihi mkataba na Australia, uwaruhusuo watu 280 kuhamia huko kila mwaka.

Mtu aweza kusema: basi hakuna hasara, maana nchi ni watu. Neno hilo ni kweli nusu. Ahamaye hubeba lugha yake, dini yake na adabu zake. Hawezi kubeba kaburi la babu yake. Watu wa Shela, maji yakijaa, hupanda mashua, wakapita kati ya mikoko mpaka Takwa, wakaomba dua ya mvua penye kaburi lile. Walihama, lakini njia ya kurudi haikufungwa. Ambaye kisiwa chake kimefunikwa na maji atarudi wapi?

Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili. Ahamaye asiache asili yake, kwani mwacha asili ni mtumwa. Lakini mataifa makubwa, ambayo moshi wao ndio uliozidisha joto, yasijifariji kwa ushujaa wa wadogo. Subira ya mwenye kudhulumiwa haimfutii deni mwenye kudhulumu.

Usiulize kwanza nchi ina ukubwa gani. Uliza ni nani waiitao kwao. Maana kwao ni kwao, hata kama ni ukanda wa mchanga uwezao kuuvuka kabla jasho halijakutoka.