Uzi Mzito na Springi za Nyuma

Masomo: Kutoka 17:8-13, 1 Wakorintho 12:24-26, Wagalatia 6:2

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Kampala, katika Katwe, Nsambya na Makindye, pamoja na ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali mnaopokea jarida hili. Mwezi huu neno letu linahusu nyumba ambayo mzigo wake umeongezeka. Tutalieleza kwa kutumia gitaa la kwaya.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini gitaa lile lilifunguliwa mgongo siku ya mazoezi. Tulikuwa tumelivika nyuzi nzito zaidi ili sauti yake ijae. Seti nyembamba, ile ya namba 9, ikishapandishwa kwenye sauti zake za kawaida, huvuta kwa jumla kilo 39 hivi. Seti ya namba 10 huvuta kilo 47 hivi. Kwa macho nyuzi hizo zinakaribia kufanana, lakini gitaa linaujua uzito huo mara moja.

Daraja la gitaa hili ni la aina ambayo Floyd Rose wa Marekani aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1979. Nyuzi hubanwa huku na huku, shingoni na darajani, na daraja lenyewe halikugandishwa kwenye mbao. Limeegemea skrubu mbili tu na linacheza kama mizani. Mbele linavutwa na nyuzi sita. Nyuma, ndani ya tumbo la gitaa, linavutwa na springi, mara nyingi tatu. Pande mbili zikilingana, daraja linalala sawa. Nyuzi zikizidi nguvu, linainuka na kuinamia shingoni, na sauti zote zinaharibika.

Wapendwa, hali hii tunaijua majumbani mwetu. Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wengi wetu tulifungua mlango usiku tukapokea shangazi, wapwa, na watoto wa majirani wa zamani. Chumba kilichokuwa cha watu watano kikawa cha tisa. Sisi wa mjini tunajitegemea kwa vitenge, kushona na vibarua. Na ndugu wa makambini ambao zamani waliweza kutugawia kidogo, nao walibanwa mwaka huo huo, pale Mpango wa Chakula Duniani uliposimamisha mgao kwa watu wapatao milioni 1 nchini Uganda. Basi tujifunze mambo matatu.

La kwanza: ukikaza uzi mmoja peke yake, mingine inalegea. Katika daraja linaloelea, ukipandisha uzi wa sita, daraja linavutika mbele kidogo, na ile mitano uliyokwisha kuilinganisha inashuka. Ndivyo Paulo anavyosema juu ya mwili: kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia. Katika nyumba nyingi tunazozitembelea, anayekazwa ni mama, au binti mkubwa aliyeachishwa shule ili alee wadogo. Tunamsifu kwa uvumilivu wake, kumbe nyumba nzima inapotea sauti pamoja naye.

La pili: uzito wa mbele hujibiwa kwa nguvu ya nyuma. Dawa ya daraja lililoinuka haiko kwenye nyuzi. Unalegeza nyuzi kidogo, unafungua kifuniko cha nyuma, unazikaza zile skrubu mbili zinazoshikilia springi, nusu mzunguko kila upande. Unatuni tena, unaangalia, unarudia, mpaka daraja lilale sawa. Zikishindwa, unaongeza springi ya nne. Kumbukeni Musa juu ya kilima. Mikono yake ilipolemewa hakuna aliyemhubiria juu ya subira. Walimletea jiwe akalie, kisha Haruni na Huri wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande ule, hadi jua likachwa.

Kanisa ndilo springi hizo. Tukimwambia mama mwenye watu tisa, "Tunakuombea," tukarudi kwetu, bado hatujakaza kitu. Maombi ni lazima, na yafuatane na kilo mbili za posho, na mtu wa kukaa na watoto siku anapowapeleka wageni Old Kampala kujiandikisha. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba iliyopokea wageni ipate nyumba mbili za kuishika, moja kila upande. Wazee wa kanisa wataandika majina baada ya ibada.

La tatu: msifunge mapema. Vibanio vya shingoni hufungwa mwisho kabisa, nyuzi zikishanyooka na kutulia. Ukivifunga sauti zikiwa bado zimepotoka, unabaki na skrubu ndogo za darajani, nazo haziwezi kusahihisha mengi. Vivyo hivyo msitoe hukumu juu ya mgeni katika majuma ya kwanza: kwamba ni mvivu, kwamba amebadilika, kwamba hashukuru. Aliyetembea kutoka vitani anahitaji muda wa kutulia. Kaeni pamoja, mgawane kazi, msemezane tena na tena, ndipo muweke taratibu za nyumba.

Na wewe uliyepokelewa, usijione kuwa wewe ndiwe shida. Uzi mzito haukuharibu gitaa. Tuliutafuta kwa ajili ya sauti yake.

Ya kuzungumza nyumbani: Ni nani hapa kwetu anayekazwa peke yake? Ni nyumba gani jirani tunayoweza kuishika upande mmoja juma hili?

Tuombe: Baba, umetuleta pamoja kutoka njia nyingi. Waimarishe waliopokea, watulize waliopokelewa, na utufanye sisi kuwa mikono ya Haruni na Huri. Kwa jina la Yesu. Amina.